Tangi la pili kwenye gari la four-wheel: mafuta yapo, gari limezima

"Fundi, gari limezima. Geji ya tangi la pili inasoma nusu, na pampu ya mkono nimeipiga mpaka kidole gumba kimechoka." Simu ya namna hii kila fundi wa magari ya safari anaifahamu, na mara nyingi anayepiga ameshaamua moyoni kwamba injekta pampu, ile inayosukuma mafuta kwenda kwenye nozeli za injini, imekufa. Kuiogopa si ujinga, kwani kwenye njia yote ya mafuta hakuna kifaa ghali kama hicho. Lakini tangi la pili lina magonjwa yake lenyewe, na mengi yanatibika kwa bisibisi, kipande cha mpira na klipu mbili. Kazi ni kujua pa kuanzia.

Tangi lolote la mafuta lina njia tatu: ya mafuta kwenda injini, ya mafuta yanayorudi, ambayo mafundi wengi tunaiita ritani, na ya hewa. Kwenye gari la tangi moja watu huikumbuka ile ya kwanza tu na wanafika nyumbani. Ukiongeza tangi la pili njia zinakuwa sita, na katikati yake kuna valvu au pampu inayoamua nani apite. Karibu kila dalili nitakayoitaja hapa chini ni njia mojawapo iliyoziba, inayovuja au iliyoelekezwa kusiko. Kwa hiyo kabla ya kufungua nati yoyote, jiulize ni njia ipi inalalamika.

Ujue kwanza gari lako ni la ukoo gani

Ukoo wa kwanza ni wa valvu. Mfano mzuri ni Land Cruiser 70 zile ndefu, HZJ75 na HZJ78, ambazo kwenye masoko mengi zilitoka kiwandani na matangi mawili ya lita 90 kila moja. Ukiwa na lita 180 na injini ya dizeli ya 1HZ inayokunywa lita 13 hadi 15 kwa kilomita 100, unazo kilomita 1,200 na zaidi kabla ya kutafuta sheli. Ndiyo maana dereva anayepita Karatu na wageni wa siku tano Serengeti, au anayetoka Marsabit kuelekea Loiyangalani, hakubali kuondoka tangi la pili likiwa na kasoro. Kwenye dashibodi kuna swichi ya kuchagua tangi. Chini, kwenye chasisi, kuna valvu yenye mota ndogo ya umeme na midomo sita: miwili inapokea mafuta kutoka kwenye matangi, mmoja unayapeleka injini, mmoja unapokea ritani kutoka injini, na miwili iliyobaki inairudisha ritani kwenye tangi linalotumika. Land Rover za zamani, zile Series ndefu, zina wazo hilohilo bila umeme: koki ya mkono chini ya kiti cha dereva, ambayo kwenye gari la dizeli lazima igeuze na ritani pia.

Ukoo wa pili ni wa pampu ya kuhamishia. Hapa injini hunywa kutoka tangi kuu siku zote. Tangi la pili ni ghala tu. Ukibonyeza swichi, pampu ya umeme inasukuma mafuta kutoka ghalani kwenda tangi kuu. Nissan Patrol Y61 yenye tangi dogo inafanya hivi. Matangi mengi yanayofungwa baadaye ni ya ukoo huu, na magari ya petroli ya kisasa karibu yote, kwa sababu pampu ya injini imekaa ndani ya tangi kuu na huwezi kuiambia ivute kwingine.

Kama huna kitabu cha gari, lala chini uangalie. Ukikuta kidude kimoja chenye midomo sita, ni ukoo wa valvu. Ukikuta pampu yenye mpira mmoja unaoingia na mmoja unaotoka kuelekea tangi lingine, ni ukoo wa pili. Usiamini geji peke yake, na sababu utaiona muda si mrefu.

"Nikihamia tangi la pili, linakwenda kidogo kisha linazima"

Hii ndiyo kesi kubwa ya ukoo wa valvu, na inastahili kupewa muda.

Neno la kushika hapo ni "linakwenda kidogo". Filta na paipu za mbele bado zina mafuta ya tangi la kwanza, kwa hiyo injini itaendelea kwa dakika moja au zaidi hata kama upande wa pili hautoi tone. Likizima papo hapo unapogusa swichi, mshukiwa wa kwanza ni valvu yenyewe. Likizima baada ya mwendo, mara nyingi tatizo limekaa nyuma ya valvu, upande wa tangi.

Anza na jambo la aibu: je, mafuta yapo kweli? Shingo za matangi haya zimepinda na kijiti hakifiki chini. Fungua kifuniko, mwambie utingo asukume gari kwa bega ili litikisike, wewe weka sikio. Tangi lenye mafuta linajisema.

Ukiwa hapohapo kwenye kifuniko, ulisikia nini ulipokifungua? Kama tangi lilivuta pumzi kwa nguvu, hewa ikiingia ndani na mlio wa "fyuuu", basi umeshapata ugonjwa: njia ya hewa imeziba. Injini inanyonya mafuta, hakuna kinachoingia kuchukua nafasi yake, mwishowe inashindwa kuvuta. Acha kifuniko kimelegea, piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta, washa. Likikubali kwenda kilomita kadhaa bila kusumbua, usiguse kitu kingine chochote kabla hujasafisha mpira wa hewa. Kwenye magari yetu mpira huo huzibwa na vumbi lililoshikana na dizeli, na zaidi huzibwa na nyigu. Wale wanaojenga kwa udongo wanapenda tundu lenye upana wa penseli, na wakishalipata wanalijaza kwa ustadi kuliko fundi yeyote. Ukichomeka waya mwembamba unatoka udongo mkavu, mwekundu, pamoja na mabaki ya vibuibui. Gari lililokaa gereji miezi miwili wakati watalii hawapo ni mteja wao mkuu.

Kuna pia suala la vifuniko vilivyobadilishwa. Kifuniko halisi cha magari mengi kina kijivalvu kinachoruhusu hewa kuingia. Kikipotea, mtu ananunua cha gari jingine kisicho na tundu, au anafunga kitambaa na nailoni kwa mpira. Cha kwanza kinanyima hewa, cha pili kinaingiza maji na vumbi. Vyote viwili vitakurudisha kwa fundi.

Kama hewa inaingia vizuri kwenye tangi, angalia sasa kama haiingii mahali isipotakiwa. Injini ya 1HZ haina pampu ya umeme ya kusukuma mafuta kutoka nyuma. Kuna pampu ya mkono juu ya filta, na kuna mapanga madogo ndani ya injekta pampu yanayovuta mafuta kutoka tangini hadi mbele. Njia nzima ya kwenda injini inaishi kwa kunyonya. Kwa sababu hiyo mpira uliopasuka hautoi hata tone nje. Unavuta hewa ndani, kimyakimya, na dereva anakuapia kwamba "hakuna leki".

Dawa ya mabishano ni mpira unaoonyesha. Kata kipande kifupi cha mpira wa mafuta unaoonyesha ndani, ukifunge kabla tu ya filta, washa injini. Kwenye tangi la kwanza utaona dizeli safi inapita. Hamia la pili. Mapovu yakianza kupita, hewa inaingia kati ya tangi la pili na valvu, kwa sababu kuanzia valvu hadi filta njia ni moja na umeshaiona ikifanya kazi bila kasoro. Umeondoa nusu ya gari kwenye orodha ya washukiwa. Sasa kagua mpira uliovikwa kwenye paipu ya chuma juu ya tangi, mahali pasipoonekana bila kushusha tangi kidogo. Klipu ya skrubu iliyokazwa hadi ikakata mpira. Na paipu ya chuma pale inaposhikwa na kibano cha chasisi, ambapo tope hukaa na kutu hula kutoka chini.

Dalili moja nataka uishike vizuri: gari linazima kila mara kiwango kikifika palepale, tuseme nusu, na ukijaza linakuwa zima kabisa. Hapo paipu ya kunyonyea iliyo ndani ya tangi imetoboka. Tundu likiwa chini ya mafuta halina madhara. Kiwango kikishuka chini ya tundu, injini inanyonya hewa ya tangini badala ya dizeli. Watu hubadilisha filta mara tatu kwa tatizo hili.

Ikiwa gari likipumzishwa dakika kumi linapata nafuu, kisha linachoka tena, fikiria chujio la ndani ya tangi. Uchafu unavutwa na kulishika chujio wakati injini inavuta, kisha unadondoka injini ikizimwa. Kwa barabarani unaweza kuchomoa mpira upande wa valvu, kufungua kifuniko na kupuliza upepo mdogo kurudi tangini. Itakufikisha. Haitaponya, kwa sababu uchafu ule bado unaogelea mlemle. Na usinyonye dizeli kwa mdomo unapochomoa mipira. Ikipita njia ya hewa ikaingia mapafuni, ni hospitali.

Mwisho ni valvu. Zima injini, acha ufunguo uko ON, weka kiganja juu ya valvu, mtu abonyeze swichi. Unatakiwa kuhisi mota ikizunguka kwa muda mfupi kisha itulie. Kimya kabisa maana yake ni umeme: fyuzi, soketi iliyojaa tope, waya uliokatika, au swichi. Mota ikilia bila kukoma au ikigugumia, meno ya ndani yameisha au valvu imekwama katikati, na hiyo inatuleta kwenye kesi inayowadanganya wengi.

"Geji inasema tangi la pili limejaa, gari linazima kama halina mafuta"

Kwenye Land Cruiser hizi geji ni moja na maboya yanayopima kiwango cha mafuta ni mawili, kila tangi na lake. Swichi ya dashibodi inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inaiambia valvu igeuke, na inahamisha waya wa geji kutoka boya moja kwenda jingine. Hizo ni kazi mbili tofauti. Valvu ikikwama, geji itahama tu kama kawaida. Geji inafuata swichi, injini inafuata valvu.

Kwa hiyo dereva anahamia tangi la pili akiwa na robo kwenye la kwanza, anaona sindano inapanda hadi juu, anafurahi, na anaendelea kunywa ile robo. Inapokwisha, mbele yake kuna sindano inayosema limejaa. Hakuna kosa la injini hapo, wala la geji. Kila ukihama, baada ya kilomita 50 rudisha swichi kwa muda uangalie kama tangi uliloliacha limebaki pale ulipoliacha. Jaribio hilo halina gharama na linakwambia mambo mawili kwa mpigo, maana linagusa na ritani.

"Mafuta yanapungua huku, yanaongezeka kule"

Ritani ndiyo njia inayosahauliwa kuliko zote, na mimi naona ndiyo inayoleta ugomvi mwingi kati ya wenye magari na madereva. Tajiri anaona lita zimekwisha, anawaza wizi.

Injini ya dizeli haichomi kila inachovuta. Sehemu kubwa ya mafuta inapita kwenye pampu, inaipooza na kuilainisha, kisha inarudi tangini ikiwa ya moto. Valvu inatakiwa kuhakikisha yanarudi kulekule yalikotoka. Upande wa kuvuta ukigeuka na upande wa ritani ukabaki, unanyonya tangi la pili na kurudisha la kwanza. La pili linakwisha mapema ajabu. La kwanza, kama lilikuwa limejaa, linaanza kumwaga kupitia kifuniko au mpira wa hewa, na nyuma ya gari vumbi linashika dizeli na kuacha doa jeusi linaloshuka kwenye bodi.

Kosa hili hutokea pia bila valvu kuharibika: fundi aliyefungua mipira sita na kuirudisha bila kuweka alama. Midomo inafanana, mipira inafanana. Kabla ya kuchomoa, funga uzi wa rangi au piga picha kwa simu.

Kupima, kwa gari la dizeli tu: chagua tangi la pili, chomoa mpira wa ritani unaotoka kwenye valvu kwenda tangi hilo, uelekeze mdomo wa valvu kwenye chupa inayoonyesha, injini iwe sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Dizeli inatakiwa itiririke. Kisha hamia tangi la kwanza; kwenye chupa pakauke. Kama ni kinyume chake, mipira imepishana. Kama haitiririki popote na injini inakuwa nzito, zima haraka, maana ritani iliyozibwa inaweka presha mahali pasipoijua. Jaribio hili usilifanye kwenye petroli hata kwa bahati mbaya.

"Nabonyeza swichi, mafuta hayahami"

Hii ni ya ukoo wa pampu. Simama karibu na tangi, mtu abonyeze, sikiliza.

Pampu ikiwa kimya, kazi ni ya umeme: fyuzi, rilei, halafu waya wa hasi unaoshika bodi. Huo wa mwisho unafungwa na skrubu kwenye chasisi, unapigwa maji na tope kila siku, na unaoza chini ya ganda lake bila kuonekana. Pima volti kwenye pampu ikiwa imewashwa, si ikiwa imechomolewa. Ukikuta 12 kwenye betri na 9 kwenye pampu, tafuta kiungo kinachokula umeme njiani kabla ya kununua pampu mpya. Pampu mpya nayo itachoka kwa 9.

Pampu ikilia lakini kiwango hakipandi, kumbuka zile njia tatu. Hewa ya tangi la pili imeziba? Mpira wa kuvuta umepasuka? Kifilta kidogo kabla ya pampu kimejaa? Halafu uwe na subira: pampu nyingi ndogo za kuhamishia zinasukuma lita moja hadi mbili kwa dakika, kwa hiyo lita 60 usitegemee zimalizike chini ya nusu saa. Watu wanabonyeza, wanaangalia geji dakika tatu, wanasema imekufa. Kinyume chake ni wale wanaoiacha ikizunguka mchana kutwa. Tangi likikauka pampu haina cha kuipooza, inaungua. Kama gari lako halina taa au kengele ya kukwambia tangi limekwisha, weka simu ikukumbushe.

Na usihamishe mafuta tangi kuu likiwa limejaa. Subiri lifike nusu. Pampu haina akili ya kujua kwamba huko mbele hakuna nafasi. Itasukuma mpaka mafuta yatafute mlango wa hewa.

Kuna kisa kinachofanana ambacho hakihitaji hata swichi. Unaegesha jioni matangi yote yamejaa, asubuhi kuna dimbwi chini. Mafuta yanahama yenyewe usiku kwa sababu tangi la pili limefungwa juu zaidi, au gari limeegeshwa kwenye mteremko, na pampu haina valvu ya kuzuia. Valvu ndogo ya upande mmoja kwenye mpira wa kuhamishia inamaliza kesi.

"Geji imekufa" au "inacheza"

Hapa sitakaa sana, fundi umeme anaimaliza mapema. Kwenye Toyota nyingi za aina hii upinzani wa boya ni mdogo tangi likijaa na hupita ohm mia likiwa tupu. Chomoa soketi ya boya ufunguo ukiwa ON: sindano inatakiwa ishuke hadi tupu. Gusisha waya huo kwenye bodi kupitia balbu ndogo: inatakiwa ipande. Ikifanya hivyo, geji na waya ni vizima, boya ndilo bovu. Isipofanya, anza na swichi ya dashibodi, maana yenyewe ndiyo inayochagua boya. Sindano inayopanda na kushuka barabara ikiwa ya mashimo ni kawaida kwenye matangi ya kuchomelea yasiyo na kuta za ndani. Mafuta yanapiga huku na huku na boya linafuata.

"Sheli wananifukuza, bomba linakata kila lita mbili"

Hewa inayotakiwa kutoka haina pa kupita, kwa hiyo povu linarudi shingoni na bomba la sheli linadhani limejaa. Fuata mpira wa hewa kutoka tangi hadi shingo. Mara nyingi umekunjwa pale fundi alipopitisha tangi jipya juu ya ekseli, au umeinama katikati na kutengeneza kidimbwi cha mafuta kinachozuia hewa. Mpira wa hewa unatakiwa utoke sehemu ya juu kabisa ya tangi na upande moja kwa moja. Kwenye matangi mapana ya kufunga baadaye, kona moja hubaki na hewa iliyonaswa. Egesha gari upande wa shingo ukiwa juu kidogo uone tofauti.

Aliyefanikiwa kujaza mpaka shingoni naye ana tatizo lake. Dizeli inavimba kwa joto: lita 90 zikipanda nyuzi 20 zinaongezeka karibu lita moja na nusu. Ukijaza Voi alfajiri mafuta yakiwa ya baridi kutoka ardhini, ikifika saa saba mchana ile lita na nusu inatafuta njia, na harufu itajaa garini. Acha nafasi. Kwa petroli hili si suala la harufu tu, ni la moto.

Maji, ute mweusi na mafuta ya pipa

Tangi la pili likikaa miezi bila kutumika linakusanya unyevu. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini, na pale maji na dizeli yanapokutana vijidudu vinaota. Ukifungua nati ya kumwagia chini ya tangi utaona ute mweusi, unaovutika, wenye harufu ya uozo. Siku utakapohamia tangi hilo, ute wote unakwenda kwenye chujio na filta. Taa ya kuonya maji kwenye filta ikiwaka muda mfupi baada ya kuhama, usiendelee. Rudi tangi la kwanza, mwaga maji ya filta kwa kufungua koki ya chini, na tangi chafu uliache litulie usiku kucha kabla ya kumwaga lita moja au mbili kwenye chombo kinachoonyesha. Ukiona mpaka kati ya rangi mbili, endelea kumwaga hadi ibaki rangi moja ya dizeli.

Kinga ni kulitumia tangi hilo kila wiki, hata kama huna safari.

Kuhusu mafuta ya mashaka, yale ya pipa kijijini: kwenye ukoo wa valvu matangi mawili ni kinga nzuri. Yatie yote kwenye moja, uache jingine na mafuta ya mjini uliyoyaamini. Injini ikianza kukohoa, unabonyeza swichi na unaondoka. Kwenye ukoo wa pampu huna bahati hiyo, kwa sababu ukishahamisha, umechafua tangi ambalo injini inalitegemea. Hapo chuja kwanza kwa kitambaa kizito, acha yatulie kwenye dumu, na usimimine ile sehemu ya chini.

Mlio chini ya gari, nyufa, na kuchomelea

Lita 90 za dizeli ni kama kilo 75. Kwenye barabara ya changarawe yenye mikunjo, kilo hizo zinapigwa juu na chini siku nzima, na kinachoumia ni vishikilio. Ukisikia kishindo kizito nyuma unapovuka tuta, usilaumu shokabzoba kabla hujatikisa tangi kwa mikono. Mpira unaokaa kati ya mkanda na tangi ukiisha, chuma kinasuguana na chuma na ufa unaanzia hapo. Unaonekana kwanza kama mstari wa vumbi lenye unyevu.

Matangi mazuri ya dukani, mengi kutoka Australia, hutengenezwa kwa chuma kilichopakwa alumini na yana kuta za ndani. Ya kuchomelea mtaani yanaweza kuwa mazuri pia, ila kataa bati lenye zinki, lile la kuezekea au la mabomba ya maji. Dizeli na zinki havipatani. Vinazalisha takataka zinazoziba nozeli.

Na kama tangi limepasuka, mtu asilichomelee likiwa kwenye gari wala likiwa limemwagwa tu. Tangi tupu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Lishushwe, lioshwe kwa maji ya moto na sabuni zaidi ya mara moja, na likabidhiwe kwa mtu anayejua kulijaza maji au gesi isiyowaka kabla ya kuwasha moto. Kwa ufa mdogo porini kuna gundi ya chuma. Hata kipande cha sabuni ya mche kikisuguliwa kwenye ufa huzuia dizeli kwa muda wa kutosha kufika mjini.

Valvu ikifa katikati ya pori

Kwenye ukoo wa valvu unaweza kuitoa kazini kabisa. Chagua tangi lenye mafuta mengi. Mpira wake wa kuvuta uunge moja kwa moja na mpira wa kwenda injini. Mpira wake wa ritani uunge na ritani inayotoka injini. Viungo viwili, klipu nne. Wengi huunga ule wa kwanza na kusahau wa pili, kisha wanashangaa tangi linakwisha njiani. Ziba mipira miwili iliyobaki kwa bolti na klipu ili vumbi lisiingie, chomoa soketi ya valvu, piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, washa.

Halafu bandika kipande cha plasta juu ya swichi ya dashibodi na uandike tangi linalotumika. Swichi bado itaihamisha geji kama kawaida, na dereva atakayelichukua gari hilo kesho hajui ulichofanya chini.